Kitambaa Kisifunuliwe Kabla ya Jumatatu

Mheshimiwa Bupati, mkuu wa wilaya yetu, Kiyai wetu, shehe wa kutuombea dua, wazee, majirani wa Purbalingga, na nyinyi mafundi thelathini na wanne wa karakana hii: karibuni kwenye ufunguzi.

Najua mnajiuliza kwa nini mashine tuliyowaitia imefunikwa kitambaa na kufungwa kamba. Hata mama mkwe wangu, Bu Sumirah, kaniuliza asubuhi, "Retno, mbona unaificha kama bibi harusi mwenye chunusi?" Nikamwambia, "Mama, wachumba wake ni wengi, na hawana nia ya kulipa mahari."

Sikuwa natania. Ombi letu la hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiuige uvumbuzi wetu, linapelekwa Jumatatu. Michoro ya wakili ilikuwa haijakamilika. Siku ya dua nayo Mama aliichagua kwa kalenda ya Kijava, na siku ya namna hiyo haisogezwi. Nimebanwa katikati. Kitu kikishaonwa na kadamnasi, nani atakubali kwamba ni kipya?

Mashine yetu ya kwanza ya kumenya soya ya tempe, vile vipande vya soya iliyochachushwa tunavyokaanga kila siku, tuliiombea dua ikiwa wazi. Watu walikula wali, wakapiga picha, wakatupongeza. Mwaka huohuo Pak Harsoyo, jirani yangu wa ukuta mmoja, akaanza kuuza ileile kwa bei pungufu kwa robo. Wakili akaniambia sina changu, imeshaonekana. Katika bei ile, chuma ni theluthi moja. Theluthi mbili ni miaka ya kujaribu na kukosea. Mwenzangu alilipia chuma tu. Nyinyi mnaojua hesabu, ningeshindana naye vipi? Mafundi kumi na mmoja niliwarudisha makwao.

Pak Harsoyo yupo, safu ya tatu. Kumruka jirani kwenye mwaliko ni aibu, nami sikumruka. Pale getini kaniuliza, "Bu Retno, leo unatuonyesha nini?"

"Mlango, Pak. Na wali."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba mkasi wako ukate utepe wa mlangoni, usiguse kamba. Kiyai amekubali kuiombea ikiwa imefunikwa. Anasema Mungu ameshaiona. Mafundi, mkiulizwa inamenyaje bila kuvunja punje, semeni mmeshiba. Na wewe, Pak Harsoyo, utakula nami meza moja, mpaka mgeni wa mwisho aondoke.

Asanteni kwa kunipa masikio. Macho nitawaomba Jumanne.