Mashine Iliyosoma Damu ya Mjukuu

Kwenye benchi la Fundi Viatu kila ugonjwa una daktari wake, na hakuna hata mmoja aliyesomea. Mjukuu wa Fundi, mtoto wa miaka mitatu, alipokamatwa na homa, Profesa, ambaye ni kinyozi, alisema ni meno. Dereva akasema ni kijicho cha majirani. Hospitali ikapima malaria, ikapima taifodi, patupu. Siku ishirini na tatu Fundi alishona viatu vya watu huku machozi yakimlengalenga. Leo kaja anapiga mluzi.

— Jana mjukuu kanirushia kiatu, alisema. Wiki iliyopita kijiko kilimshinda kunyanyua.

Akawaeleza kwamba daktari aliipeleka damu kwenye maabara yenye mashine ya kusoma vinasaba. Inasoma vya kila kilichomo kwenye damu, vya mtoto inaviweka kando, na kinachobaki ndicho mgeni.

— Wahenga walishasema, akadakia Profesa. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

— Huyu mgeni alikuwa anammaliza mwenyeji, alisema Fundi.

— Basi mitihani ifutwe, alisema Profesa. Watoto watolewe damu, mashine iseme nani ana akili.

— Mimi hainipati, alisema Dereva. Itasoma Jumamosi nililala wapi, halafu impigie mke wangu simu.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Mama Kahawa, anayeuza kahawa ya maziwa kando ya benchi, akamimina raundi nzima bila kudai kitu, na Fundi akajisikia kama yeye ndiye aliyeiunda ile mashine.

Hapo akafika muuguzi wa zahanati kuchukua kiatu chake. Alipoambiwa habari alimpa Fundi mkono, akauliza mdudu mwenyewe ni yupi.

— Brusela, alisema Fundi kwa madaha. Kapewa dawa mbili, wiki sita. Siku ya tano homa ikakimbia.

— Huyo anapatikana kwenye maziwa yasiyochemshwa. Nani alimpa mtoto maziwa mabichi?

Profesa, aliyeapa kwamba mabichi ndiyo yanayonenepesha, akanywa kutoka kikombe kilichokwisha kahawa zamani. Dereva, aliyeyaleta kutoka shambani, akaanza kufunga kamba za viatu ambavyo havina kamba. Fundi aliinamia sindano yake, maana mkono uliomshikia mtoto kikombe cha maziwa hayo mdomoni ulikuwa huu huu.

Mama Kahawa peke yake ndiye aliyeinuka. Aliirudisha sufuria yake ya maziwa motoni, akayaacha yachemke mpaka yakamwagika.