Marehemu Swalehe Dadi wa Mbwera na Mwanzi wa Mikono Tisa

Kila alfajiri, akishatoka msikitini na kabla hajagusa uji, marehemu Swalehe Dadi Mfaume alikuwa akikaa kwenye kizingiti cha mlango akiupitisha mshipi wake wa kuvulia kati ya midomo, pima baada ya pima. Vidole vyake vilikuwa vimeota sugu za shoka, havikusikia tena uzi uliochakaa. Midomo ndiyo iliyobaki na akili. Akifika mahali palipoanza kuchanika hutema, hukata, hufunga fundo, huendelea. Mkewe alizoea kumwambia, "Utakunywa uji wa chumvi siku zote, weye." Naye hujibu, "Chumvi ya bure hiyo."

Hii ni habari ya maisha yake kama ilivyopatikana kwa mkewe, Bi Mwamini binti Mohamedi, na kwa watoto wake, isomwe leo Jumanne, tarehe 17 Julai 1956, katika hitima ya arobaini hapa Mbwera.

Marehemu alizaliwa hapa hapa Mbwera katika Mfungo Sita, mwaka ambao kwa hesabu ya skuli ni 1901. Baba yake alikuwa Dadi Mfaume, mkata boriti. Mama yake, Bi Fatu, alikuwa akisema kwamba mtoto huyo alizaliwa maji yakiwa yamejaa mpaka chini ya kitanda, na mkunga alifika kwa mtumbwi.

Alisoma chuoni kwa Maalimu Shaabani miaka mitatu. Alihitimu Juzuu Amma, akaanza nyingine, hakuimaliza, kwa kuwa baba yake alihitaji mikono. Skuli ya serikali hakuiona. Lakini hesabu ya korija, boriti ishirini ishirini, aliijua, na mtu wa kupima boriti kwa jicho kumshinda yeye hakuwako katika delta hii. Akiutazama mkoko uliosimama matopeni atakwambia una urefu wa mikono mingapi, umenyooka au una mgongo, na utalia vipi ukikauka na kugongwa.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo ya boriti, tangu ana miaka kumi na mitano mpaka thelathini na saba. Alikata kwa matajiri watatu tofauti, kwa leseni, na nyundo ya muhuri ya idara ya misitu ikagongwa juu ya kila gogo. Alirudi nyumbani matope yamefika kiunoni, akala, akalala alivyo.

Mwezi Oktoba 1924 alimwoa Bi Mwamini wa Mtawanya. Alikuwa amekwenda bara kubadilisha samaki wakavu kwa mtama, na binti yule akamwambia samaki wake wananuka. Akarudi mwezi wa pili yake na samaki wengine. "Na hawa je?" akauliza. "Hawa afadhali," akajibiwa. Mwezi wa tatu alirudi na wazee. Kakake Bi Mwamini, Bwana Miraji, ndiye aliyepokea mahari, na tangu siku hiyo mashemeji hao wawili hawakupata kuonana bila kutaniana. Walijaliwa watoto wanne, na wawili walitangulia mbele ya haki wakiwa wadogo.

Tarehe 19 Agosti 1938, wakati wa kupakia chomboni, rundo la boriti lilimporomokea. Mguu wa kushoto ulivunjika mahali pawili. Mganga wa mifupa alifanya alivyoweza, nao ukaunga, lakini ukawa mfupi na haukunji goti. Kukata boriti kukaisha. Akajaribu kuvua kama wenzake, akashindwa kukaa ndani ya mtumbwi. Mguu uliokakamaa haukuwa na pa kuwekwa, na mara mbili aliupindua mtumbwi na watu wake ndani. Baada ya ile ya pili hakuna aliyemchukua tena.

Bwana Miraji akaja kutoka Mtawanya. Alikaa barazani, akamaliza kahawa, kisha akasema, "Shemeji, hapa mtakufa njaa. Njoni kwetu. Shamba lipo. Weye utakaa dunguni ufukuze nyani."

"Mtu wa maji nikafukuze nyani?"

"Nyani hawaulizi umetoka wapi."

Marehemu alikataa. Bi Mwamini anakumbuka usiku wote ule aliusikia mguu ukikwaruza kitanda. Alimwambia mkewe neno moja tu, kwamba akienda kulishwa bara hatarudi tena kuwa baba wa nyumba. Tangu hapo kila alichofanya kilikuwa kwa ajili hiyo, wale jasho lake, na wale hapa hapa Mbwera.

Asiyeweza kupanda mtumbwi avulie nchi kavu. Lakini ufukwe wetu wa nje unajulikana. Mawimbi yanavunjika mbali, na kolekole wanapita nyuma ya povu, sio mbele yake. Mkono mtupu haufikishi huko chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoana. Akasema atatengeneza ufito mrefu wa kulirushia.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la watu wa hapa. Sisi nyumba zetu ni mikoko, vitanda mikoko, makasia mikoko, na mti tunausifu kwa uzito na kunyooka. Marehemu akachagua mkoko wa aina ya mkandaa, ulionyooka kuliko yote, mikono kumi, akauchonga mwezi mzima. Ulikuwa mzuri kutazama. Ufukweni aliuinua kwa mikono miwili, akauyumbisha, na chubwi likaangukia kwenye povu pale pale. Wavuvi waliokuwa wakitandaza nyavu wakasimama kutazama.

"Swalehe," mmoja akapiga kelele, "unavua au unajenga?"

"Mwacheni, anatafuta mahali pa kuchimbia nguzo!"

Alirudi kila siku kwa majuma sita. Bega likavimba. Siku moja maji yalipokuwa madogo aliingia mpaka kifuani, akarusha, akapata. Kolekole alivuta mara moja. Mti haukupinda hata kidogo, ukasimama kama nguzo ya mlango, na mshipi ukakatika. Ilikuwa mwezi Aprili 1940, vita viko Ulaya, na ndoana kubwa madukani hazikuwako. Ile ilikuwa ya mwisho.

Aliporudi Bi Mwamini hakumpa pole. Alimwekea ugali na mboga ya majani, akasema, "Kwetu maembe ya juu tunayaangua kwa mwanzi. Unapinda mpaka unadhani umekwisha, halafu unarudi."

"Mwanzi una upepo ndani. Nimvue kolekole kwa filimbi?"

"Na boriti lako lina nini ndani, mbona halituletei kitoweo?"

 Siku ya nne akaomba nauli ya mtumbwi kwa nduguye Kibwana, akaenda Mtawanya. Kutoka alipoteremka alitembea siku mbili na mguu ule, njia ambayo mtu mzima huimaliza kutwa moja.

Bwana Miraji alimwona kwa mbali. "Alhamdulillahi! Nyani wamekwisha habari!"

"Sikuja kwa nyani. Nimekuja kuomba mwanzi."

"Mwanzi mmoja? Umetembea hivyo kwa mwanzi mmoja?"

Alipoelezwa alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka, akasema, "Chagua unaoutaka. Lakini tuwekeane ahadi. Ukifika mwezi wa Ramadhani na dada yangu bado anakula majani, ninakuja na watu, ninawachukua nyote. Hutabishana."

"Sitabisha," akasema marehemu.

Alichagua siku tatu. Ile mizuri ya kijani aliiacha, na iliyozeeka ikatoka madoa meupe pia aliiacha. Alitaka wa miaka mitatu hivi, wenye mafundo ya karibu karibu na ukuta mnene. Aliugonga kwa kisu akausikiliza, jinsi alivyokuwa akigonga boriti. Kisha alifunga kibuyu cha maji kwenye ncha na kuuinua. Mwanzi uliopinda kuanzia katikati aliutupa, kwa kuwa huo ni mlegevu na hauna nguvu ya kurusha. Uliopinda theluthi ya juu tu, na ukarudi wenyewe maji yalipomwagwa, huo aliuweka kando. Alikata ishirini na miwili akapata mmoja.

Lakini mwanzi mbichi huliwa na wadudu. Sharti uning'inizwe juu ya meko, upate moshi siku arobaini. Meko yalikuwa ya shemejiye, na chakula cha shemejiye hakikuweza kuliwa bure. Kwa hiyo siku zile arobaini, Mei mpaka Juni 1940, marehemu Swalehe Dadi alikaa dunguni akafukuza nyani. Watoto wa Mtawanya walipita wakimwamkia, "Shikamoo, Bwana Nyani!" Naye aliwaitikia, "Marahaba." Aliwahi kumwambia mkewe kwamba alichoka dunguni kuliko alivyochoka matopeni, kwa sababu matopeni mtu huchoka mwili tu.

Aliporudi alikata kipande cha mkandaa mwembamba, mikono miwili, kikawa mpini. Juu yake akaunganisha mwanzi. Kiungo alikikata mshazari pande zote mbili, akakizungushia uzi wa nyavu uliobanwa hata kucha isiingie, akakimiminia utomvu wa sandarusi ulioyeyushwa na mafuta ya nazi. Pete sita za waya wa shaba alizifunga kwenye mafundo, sio kati ya fundo na fundo, kwa sababu hapo mwanzi hupasuka. Mwanzi wote pamoja na mpini ukawa mikono tisa. Mshipi aliutia rangi ya magome ya mkandaa usioze, akaulaza duara juu ya duara ndani ya ungo wa mkewe, ungo ukakaa mchangani miguuni, mshipi utoke bila kujiviringa. Bi Mwamini alipoutafuta ungo wa kupepetea mchele akaambiwa uko baharini. Katika maisha yao zilikwenda nyungo saba.

Ndoana aliipata kwa msumari aliouchoma na kuukunja. Siku ya Jumamosi, tarehe 24 Agosti 1940, yapata siku arobaini kabla ya Ramadhani, alisimama kwenye fungu la mchanga, mguu mzima mbele na mbovu nyuma kama egemeo. Akarusha. Chubwi likapita povu. Mara ya nne kitu kikashika, mwanzi ukapinda hadi ncha ikaelekea majini, na marehemu akasikika akiuambia, "Rudi. Rudi, baba." Ukarudi. Kolekole yule alibebwa na watu wawili. Kichwa kilipikwa jioni ile, mwili ukatiwa chumvi, ukapelekwa Mtawanya na salamu hizi: "Mpeni shemeji, ale na nyani wake."

Miaka kumi na mitano nyumba ile ilikula kwa mwanzi. Waliomcheka walikuja mmoja mmoja kuomba awatengenezee, akawatengenezea, na kila mmoja alimtuma kwanza akachague mwanzi mwenyewe, akileta mbaya anaurudisha. Hakuwa mtu wa maneno mengi wala wa furaha nyingi. Alirudi ufukweni mchana, akaosha mguu kwa maji ya moto, akalala kabla ya isha. Alimwoza binti yake, akamjengea mwanawe Kondo nyumba, hakuazima kitoweo kwa mtu.

Mwezi Novemba 1955 alianza kuugua kifua. Usiku alilala ameketi. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. Kufika masika alikuwa hawezi kurusha zaidi ya mara mbili bila kukaa chini, na siku nyingi alirudi mtupu. Bwana Miraji, naye sasa mzee, alikuja mwezi Mei. Safari hii hakutania. Watoto walikaa, wakashauriana, wakamwambia baba yao waende Mtawanya, karibu na barabara na dawa. Wote walitazamia ugomvi. Marehemu alisema, "Haya. Nimechoka. Nipelekeni." Bi Mwamini anasema neno hilo lilimwumiza kuliko angekataa. Mtumbwi ukapangwa Jumamosi, tarehe 9 Juni.

Marehemu aliondoka nyumbani Alhamisi, tarehe 7 Juni 1956, akiwa na miaka hamsini na mitano. Kondo na wavuvi wa Mbwera walimtafuta siku nne, baharini na katika vijito vyote. Ukingo wa fungu alipozoea kusimama ulikutwa umemeguka, na mwanzi ulipatikana kwenye mizizi ya mikoko, mzima, hauna mshipi. Mwenyewe hakupatikana. Alisaliwa sala ya maiti asiyekuwapo siku ya Ijumaa, tarehe 15.

Ameacha mjane, Bi Mwamini, watoto wawili, Kondo na Siti, wajukuu saba, ndugu yake Kibwana, na shemeji yake Miraji, ambaye yuko hapa leo.

Asubuhi ile ya Alhamisi Bi Mwamini alikuwa akifunga vyombo vya safari. Alimwona anautoa mwanzi ukutani.

"Unakwenda wapi na kifua hicho?"

"Fungu la nje."

"Keshokutwa tunasafiri, baba Kondo. Kaa upumzike."

"Kitoweo cha njiani kiko wapi?"

"Tutakula mihogo. Kwa kaka yangu kuna kila kitu."

"Ndiyo maana," akasema. Alikaa kidogo akitafuta pumzi. "Siingii kwa Miraji mikono mitupu, mama. Mmoja tu. Hata mdogo."

Alichukua ungo. Bi Mwamini hakumzuia, anasema naye alikuwa amechoka. Alimtazama akishuka polepole, anautanguliza mguu mzima na kuuburura mwingine, mwanzi begani umepinda kidogo kwa uzito wake wenyewe, mpaka akapita nyumba ya mwisho, akaingia njia ya mikokoni, wala hakurudi.

Mola amlaze mahali pakavu.