Tunaajiri Wote Bila Ubaguzi

Benchi lililotazamana na geti la kampuni ya tumbaku mjini Arua lilikuwa limejaa asubuhi ile ya mwaka 1991, na kahawa ya tangawizi ilikuwa bado moto. Zubeiri alitoka getini, akaketi bila salamu. Aliendesha lori la jeshi hadi serikali ilipoanguka mwaka sabini na tisa, kisha malori ya chakula ukimbizini Sudan. Sasa alikuwa amekataliwa na kampuni iliyoandika ukutani, kwa rangi nyekundu: TUNAAJIRI WOTE BILA UBAGUZI.

— Afande, bamekupa gari? aliuliza Obeti, aliyebandikwa jina la Waziri kwa sababu hakuwa na kazi yoyote.

— Bameniuliza nyumbani iko wapi. Nikasema Koboko, kwao na ule rais alipinduliwa. Bosi akafunika kalamu.

— Basi hakuna ubaguzi! Watu ya Koboko wote banakataliwa sawasawa.

Enoch, fundi viatu waliyemwita Jaji, alitikisa kichwa.

— Sheria ya usawa iko, lakini iko Kampala. Ikipanda basi kuja huku, barabara ya Karuma na mashimo yake inaimwaga yote njiani.

— Hapana, Jaji, Waziri alidakia. Bosi anaogopa. Afande akipewa lori, atapita na tumbaku moja kwa moja mpaka Ikulu, apindue serikali!

Walicheka hadi kahawa ikamwagika. Zubeiri hakucheka. Nyumbani watoto walikuwa wamemwona akipiga pasi shati alilovaa, wakimshangilia.

Geti likafunguka tena. Akatoka Mindra wa mtaa wa Mvara, aliyewahi kuendesha gari la misheni, uso umekunjamana.

— Mama, ulienda kuomba kufagia? Waziri alimuuliza.

— Udereva.

Jaji alipaliwa na kahawa.

— Na wewe bamekuuliza nyumbani? alisema Zubeiri.

— Bameniuliza kama nitazaa tena.

Waziri alimpa kikombe chake cha kahawa.

— Sasa, Mindra aliuliza, hiyo kazi bamepatia nani?

Waziri alimtazama Jaji. Jaji akanyoosha kidole getini. Wakati huo lori jipya la kampuni likatoka likirukaruka, dereva mpya akihangaika na usukani, gia zikilia kama mbuzi anayechinjwa.

— Klachi! Zubeiri na Mindra walipiga kelele pamoja.

Lori likazimika katikati ya barabara. Zubeiri akasogea kwenye benchi, Mindra akapata nafasi.