Musinipeleke Mabalako

Munisikilize, batoto bangu, mukaribie kitanda, maana pumzi imekuwa kidogo, na ile nimebakisha nataka niitumie kwa neno moja tu.

Nyumba hii ya Bulengera ni ya Katungu, juu ni yeye ameniogesha na kunilisha tangu nilianguka mu auditoire mbele ya banafunzi, nikifundisha uongozi. Na wewe Zorobabel, mukubwa wake, utachukua parcelle, kile kiwanja cha chini, na vitabu vyangu. Musigombane, kidole kimoja hakivunji chawa. Shamba la cacao la Mabalako, mudogo wangu Éliakim akilitaka lote, mumuachie. Anasema pasipo kaburi la baba hapana shamba la mutoto, na kwetu ni kweli. Mara ngapi alinichekaka, eti professeur wa kuongoza makaratasi! Nimemusamehe, ingawa bado inaniuma.

Sasa neno lenyewe. Zorobabel, siku tulizika mama yenu Kanyere kule Mabalako, ulisimama kwenye udongo mubichi, ukaapa mbele ya pasteur na ukoo wote kwamba utanilaza pembeni yake. Nilifurahi, na nafasi yangu nikaipima mwenyewe, mimi mutu wa kupanga mambo mapema. Mais leo ile njia inakula batu, benye silaha banachinja basafiri, na jana nimesikia umeshaongea na mutu wa camionnette, gari ya kunibeba nikishakufa. Usiende. Banasema maiti haulizwi sanda. Mimi ningali hai, muniulize, na ninasema munizike mu makaburi ya hapa hapa, kati ya batu ambao sibajui.

Usifikiri sitamani kulala na mama yako. Natamani kabisa, na hakuna kingine natamani.

Ulikaaka banc ya mbele, ukanisikia nikifundisha kwamba kiongozi akiahidi anatimiza, na jana ukanirudishia neno lile lile. Banafunzi balisimamaka nikiingia, bengine leo ni bakubwa ba bureau, banaamrisha batu mamia, na mimi nashindwa kuzuia mutoto wangu mumoja! Asiyesikia la mukubwa huvunjika muguu; mais kule, Zoro, hapana muguu tu. Dada yako atabaki na nani? Maiti moja inatosha mu nyumba.

Katungu, niinue kidogo... hapo, aksanti. Mungu abashike mukono, batoto bangu, abape kuzeeka, abape chakula na batu ba kula nabo, na siku moja mucheke tena mu nyumba hii bila kuona haya juu yangu.

Zorobabel, mbona unaangalia chini? Sema ndiyo. Sikuombi kama professeur, ninakuomba tu... sema ndiyo, papa.

Katungu, anasema nini? Ninaona midomo inacheza, mais sisikii kitu. Ni ndiyo? Umuambie asogee... Mwanangu, sema tena. Sema tena.