Mama Solange Aliyemwita Mungu kwa Kelele

Wasikilizaji wapendwa, mumeamuka? Leo tunamkumbuka Mama Solange wa mtaa wa Bigo, hapa Bunia, aliyezikwa Jumamosi. Ni yule mama aliyeomba kwa sauti mpaka wapita njia walisimama.

Mama Solange alizaliwa kijijini Aveba, akalima mihogo huko. Vita vikamtoa. Mume wake, Evariste, akabaki kaburini. Solange alifika Bunia na binti yake Ornella mgongoni, na wazo moja kichwani: Mungu amebaki mbali. Na mtu akiwa mbali unafanya nini? Unamwita kwa kelele.

Basi akaita. Miaka mingi akaita. Katika chumba cha maombi sauti yake ilipita zote. Jirani yake, Monique, aliyemwita yaya, yaani dada mkubwa, alimtania: "Yaya, Mungu iko na masikio. Siye pia tuko nayo." Lakini Solange hakusikia jibu la Mungu. Alirudi nyumbani amelowa jasho, na upweke ni uleule.

Siku moja alifunga kula, akapanda kilimani, akaita mpaka sauti ikakatika. Aliporudi hakuweza hata kumsalimia Ornella. Akaogopa. Bila sauti, ataomba na nini?

Monique alikuwa anatwanga sombe, majani ya mihogo, uani. Akampa mchi wa pili. "Shika, yaya. Leo Mungu atapumzika kidogo."

Wakatwanga katika kinu kimoja, huyu akiinua, huyu akishusha. Ilisikika michi tu. Solange alisikia pumzi yake, akasikia na ya Monique, mwishowe hakujua tena ipi ni yake. Na ndani ya utulivu ule akajua kwamba hakuwa peke yake. Hata njiani kutoka Aveba hakuwa peke yake. Yule aliyemwita alikuwa karibu kuliko pumzi hiyo. Mchi wake ukasimama.

"Umechoka?"

Solange akanong'ona: "Iko hapa."

"Nani iko hapa?"

"Ule nilikuwa naita."

Monique anatuambia: "Niligeuka kutazama mlango. Hapakuwa na mtu. Lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyefikiwa na mgeni."

Sauti ilirudi. Kelele haikurudi. Wenzake wa chumba cha maombi wakasema amepoa, wakampa mwingine kuongoza maombi badala yake. Ilimuuma, Ornella anasema. Lakini akaanza kwenda kwa wagonjwa na kwa waliokimbia vita, wa kabila lolote. Alikaa nao kimya, akiwashika mkono. Wengi walipata usingizi akiwa pale.

Juma lililopita yeye mwenyewe alikuwa kitandani. Wamama wa chumba cha maombi walifika, wakaanza kupaza sauti. Ornella anaeleza: "Mama alifungua macho, akacheka kidogo. Akasema, 'Wamama, polepole. Hatuko mbali.'"

Kwako Ornella, kwako Mama Monique, na kwa watu wote wa Bigo, poleni sana.

Wasikilizaji wapendwa, hapa tungeweka wimbo. Leo hatuweki. Tutanyamaza kidogo, redio nzima. Musizime. Kaeni nasi.