Mapatroni Wanne, Miaka Miwili

Benchi ya Mama Kadidja iko Mangobo, mtaa wetu, kwenye kona ambapo njia ya soko inakutana na ile inayoshuka mtoni. Ni ubao mmoja juu ya matofali, na mbele yake jiko la makaa na birika la kahawa. Mimi ninashona viatu hatua tatu kutoka hapo, kwa hiyo maneno yote yananipitia. Wakaaji wa benchi ni watatu. Papa Urbain tunamwita Reli, maana amefanya kazi miaka ishirini na saba kwenye karakana ya gari la moshi, ng'ambo ya mto. Sefu ni Avoka, wakili: alifagia tribinali, yaani mahakama, miaka kumi na moja, na anaamini sheria ilimwingia pamoja na vumbi. Hemedi, fundi wa baisikeli, ni Radio, maana hanyamazi. Mchana mmoja wa mwaka 1957 walikuwa wanabishana juu ya mvua, ndipo kijana Zéphirin, karani asiye na kazi, alipofika kutoka kuomba kazi, amevaa shati lake la kola, na kukitupa juu ya benchi livre yake, kile kitabu cha kazi ambamo kila patroni, yaani mwajiri, huandika sababu ya mtu kuondoka.

— Muzungu amekufukuza? aliuliza Sefu.

— Hapana. Amesema nirudi kesho. Alifungua livre, akageuza kurasa na kidole moja, kama kitu ya kunuka. "Mapatroni wanne, miaka miwili. Sababu gani?" Mi nikakosa sauti.

— Na ndani wameandika nini?

— Fasi yote neno moja: "Aliacha mwenyewe."

— Alors, uliacha mwenyewe?

— Sikiliza, Avoka. Wa kwanza alinipiga kofi mbele ya batu yangu ya depo, juu ya barua yeye mwenyewe alisoma mubaya. Nikatoka. Wa pili alileta mutoto ya ndugu yake kutoka Ubelgiji. Nikamufundisha kazi miezi tatu, halafu nikaambiwa kiti iko ya ule mutoto. Wa tatu alihamisha kazi yote Bunia. Wa ine alitaka niandike kama mutu aliyevunjika mukono kwa mashini alikuwa mulevi. Ule mutu iko mutu wa kusali, pombe haijui. Nikaweka kalamu chini.

Sote tulijua lililobaki. Mwisho wa mwezi, asiye na patroni anapoteza ruhusa ya kukaa mjini, na Bula Matari, serikali ya Wabelgiji, inamrudisha kwao. Kwao Zéphirin ni Yahuma, mbali ndani ya msitu. Mke wake Alphonsine alikuwa na mimba ya miezi minane, na hakuna aliyependa kumfikiria juu ya lori, kwenye njia ile.

— Mi nitakuambia bila sukari, alisema Papa Urbain. Kosa iko ya miguu yako. Mi niko na patroni moja, page moja. Mwenda pole hajikwai. Muambie ulikuwa mugonjwa.

— Mugonjwa mara ine, papa?

— Malaria inarudiaka.

— Hapana, alisema Sefu. Muzungu ataomba karatasi ya munganga. Sheria inasema hivi: kitu haisomeki, haikuandikwa. Peleka livre mutoni, ilale kwa maji siku moja. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana yake.

— Watanifunga.

— Donc utakuwa na fasi ya kukaa mjini.

Zéphirin alimtazama, Sefu akarudi kwenye kikombe chake. Hemedi akaweka chini gurudumu alilokuwa analinyoosha.

— Nyinyi wote munalala. Ile wino, sisi tunaona nyeusi tu. Bazungu wako na miwani yao, na kwa ile miwani wanasoma jambo ingine. Kila patroni anapewa akishuka kwa ndege. Mwenye macho haambiwi tazama.

— Muzungu wa leo hakuvaa miwani.

— Ndiyo mubaya zaidi. Kwake imeshaingia kwa macho.

Zéphirin alikuwa amekunja ngumi, na hasira yake ilikuwa inatafuta mahali pa kuangukia. Ikaangukia kwa mzee.

— Na wewe, papa, page yako moja imekupa nini?

— Heshima.

— Heshima gani? Juma iliyopita nilivuka mto, nikapita karakana. Kijana wa kizungu, hata ndevu hana, alikuita "boy". Ukakimbia kwake, kofia kwa mukono.

Papa Urbain akasimama, kahawa ikamwagika miguuni. Mimi nikaacha sindano.

— Kwa ile kofia nimelisha batoto saba, alisema. Saba, Zéphirin. Wewe hata moja haujalisha.

Akakaa tena.

Mama mmoja alikuwa amesimama karibu na jiko, akingoja kahawa. Hatukumjua. Alikuwa amepanda mto kwa mtumbwi kutoka Yanonge, na kikapu chake cha samaki wakavu kilikuwa bado kichwani.

— Munisamehe, ba-papa, alisema. Ile kiti huyu kijana anatafuta. Karani aliyekuwa hapo, alikwenda wapi?

Hemedi akachukua gurudumu lake. Zéphirin akakiokota kitabu chake. Mama akanywa kahawa yake, akarudisha kikombe, akaendelea sokoni.

Kesho yake jioni Zéphirin alirudi, na mkono wa shati lake ulikuwa na wino mbichi.

— Aliniuliza tena, alisema. Nikamuambia moja moja, vile nilisema hapa, bila kuongeza. Uso yake ikakuwa nyekundu. Halafu nikamuuliza: bwana, karani aliyekuwa hapa alikwenda wapi?

— Akajibu? aliuliza Sefu.

— Aliangalia dirisha. Akasema ule alikuwa wa tano mwaka hii. Halafu akasukuma barua za leo mbele yangu, nikaanza kuandika.

Hemedi akapiga makofi. Zéphirin akainua mkono.

— Acha. Hakunipenda. Meli ya posta inafika na hana mutu. Siku atapata mwingine atanitoa, na mi, wa sita, pia nitaandikiwa aliacha mwenyewe. Niko na hasira vile nilikuwa jana. Lakini Alphonsine atazaa hapa.

Papa Urbain hakuwa amemsemesha tangu ugomvi ule. Akasogea kwenye ubao, akamwachia nafasi.

— Rudia fasi ya kofi, alisema.

— Nilisema: "Alinipiga kofi mbele ya batu yangu. Nikatoka."

— Ukimuangalia kwa macho?

— Kwa macho.

— Ulisema na Kifaransa?

— Na Kifaransa, papa.

Mzee alishika kikombe bila kunywa.

— Sema vile ulisema. Polepole.

Zéphirin akasema. Papa Urbain akamfuata kwa midomo, neno baada ya neno, mpaka walipofika kwenye "nikatoka". Neno lile akamwachia Zéphirin; yeye hakuwahi kulisema kwa patroni yake.