Nguzo ya Nne Kutoka Kwenye Kona

Ndugu waombolezaji, majirani, walimu, wanafunzi wa zamani na wa sasa, familia imenituma mimi, mdogo wake marehemu, niwasomee maisha yake, kwa sababu wanasema mimi ndiye ninayekumbuka tarehe, na kweli tarehe nazikumbuka, ila niseme mapema kwamba naogopa. Watoto wake waliniandikia kurasa mbili, na jana mchana nikaongeza wa tatu ambao hakuna aliyeuona, hata wifi yangu, unaohusu kile kivuko cha mbele ya shule, na mtu aliyehesabu nguzo siku kilipopimwa. Nitausoma zamu yake ikifika, na mkiona nasita msinikimbilie na glasi ya maji, niacheni nimalize.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi cherehani na mkunga, katika nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya soko la nafaka. Mama yetu alikuwa akisimulia kwamba alichelewa kutembea hadi alipotimiza mwaka na nusu, watu wakaanza kumpa pole, kisha asubuhi moja akasimama, akavuka chumba kizima hadi mlangoni bila kuyumba, na baba akasema kumbe siku zote hizo mtoto alikuwa anapiga hesabu.

Alianza shule ya msingi Januari 1968, mwaka niliozaliwa mimi, akamaliza Novemba 1974, akaendelea na sekondari kuanzia 1975 hadi 1980. Wengi wenu hamjui kwamba mtihani wake wa kwanza wa fizikia alipata alama kumi na moja kati ya mia, kwa sababu aliulizwa kuhusu jiwe lililorushwa juu, akajibu kwamba likifika kileleni kila kitu chake ni sifuri, kasi sifuri na mchapuko, yaani badiliko la kasi, sifuri. Alishinda nyuma ya nyumba wiki nzima akirusha mawe juu na kuyatazama, mpaka alipovunja kioo cha muuza mahindi, akapigwa, akarudi ndani akicheka, akisema kwamba mchapuko ungekuwa sifuri jiwe lingebaki huko huko juu. Baadaye alisomea ualimu kuanzia 1981 hadi 1983, akahitimu daraja la kwanza.

Aliajiriwa tarehe 9 Januari 1984 katika shule ya sekondari mnayoijua wote, akafundisha fizikia hapo kwa miaka ishirini. Mliopita mikononi mwake mnakumbuka, swali la mwendo kwake halikuanza na fomula, lilianza na mshale, ulichora kwanza kitu kinakwenda upande gani, ukaandika ulichopewa upande wa kushoto, kasi ya mwanzo, kasi ya mwisho, muda, umbali, ukaandika unachotafuta upande wa kulia, ndipo ukaruhusiwa kugusa namba. Mwanafunzi akisema gari lina velositi, yaani kasi yenye uelekeo, ya mita kumi kwa sekunde, marehemu alikunja mikono na kuuliza kuelekea wapi, asipojibiwa hakuendelea, na ndiyo maana mlimwita Kuelekea Wapi, mkidhani hajui. Alijua, na alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na baba.

Alifunga ndoa tarehe 18 Agosti 1990 na wifi yangu, mfamasia, ambaye mara ya kwanza alipofuatwa pale dirishani kwenye duka la dawa alimwambia nenda zako, naye akauliza kuelekea wapi, watu waliokuwa kwenye foleni wakacheka, na wifi akashindwa kununa. Walijaliwa watoto watatu, wa kwanza mwaka 1992, wa pili 1995 na kitinda mimba 1999, wote wako hapa, na wote wananiita shangazi, na baada ya leo sijui wataniitaje.

Huu ndio ukurasa wa tatu.

Mimi niliajiriwa shuleni hapo mwaka 1991 kutunza maabara, kazi aliyonitafutia yeye, mbele za watu nikimwita Mwalimu na tukifunga mlango nikimwita kaka. Mwishoni mwa mwaka 2002 barabara ya mbele ya shule iliwekwa lami mpya, malori yakaanza kushuka yakitokea kwenye kona kama yanakimbizwa, na mkuu wa shule akaiomba idara ya fizikia, ambayo marehemu aliiongoza, iseme kivuko cha wanafunzi kichorwe wapi, watu wa barabara wakakubali kufuata kipimo chetu. Marehemu alifurahi, alisema kwa mara ya kwanza swali la ubaoni litavukwa na watu. Alikaa siku tatu kando ya barabara na saa ya kuhesabia sekunde, akapata kwamba malori hushuka kwa mita ishirini kwa sekunde, yaani kilomita sabini na mbili kwa saa. Dereva anahitaji sekunde moja kuona na kukanyaga breki, hapo zimekwenda mita ishirini, na lori lililojaa hupunguza kasi kwa mita mbili na nusu kwa sekunde katika kila sekunde, kwa hiyo linahitaji mita themanini nyingine hadi lisimame. Jumla ni mita mia moja kutoka kwenye kona. Nimelirudia swali hilo mara nyingi kuliko nilivyorudia sala yoyote, na hesabu yake ilikuwa sahihi.

Kazi yangu ilikuwa moja. Nguzo za taa zilisimikwa kila baada ya mita ishirini na tano, ya kwanza ikiwa kwenye kona penyewe, na yeye aliniambia nihesabu hadi mita mia, nipige alama ya chaki. Jua lilikuwa kali na nilitaka kuwahi nyumbani. Niligusa nguzo ya kwenye kona nikasema moja, nikaenda nikasema mbili, tatu, nne, nne mara ishirini na tano ni mia, nikapiga alama. Akanipazia sauti akiwa ng'ambo, umefika, nikamjibu nimefika, akauliza mia kamili, nikasema kamili. Nguzo nne zina nafasi tatu tu katikati yake, na nguzo ya kuanzia ni sifuri, haihesabiwi. Ilikuwa mita sabini na tano. Kivuko kilichorwa hapo Januari 2003.

Tarehe 11 Novemba mwaka huo, saa moja na nusu asubuhi, nilikuwa naosha mirija ya maabara, nikasikia breki, sauti ndefu, kama sekunde tatu na nusu, kisha ikakatika. Aliyegongwa na lori kivukoni ni binti wa kidato cha pili, miaka kumi na minne, mtoto wa pekee wa mama mwenye duka la sare za shule, na alifariki pale pale. Dereva alikamatwa, akawa anasema alikanyaga breki mara tu alipomwona, na hakuna aliyemwamini ila kaka yangu, ambaye siku ya tatu alikwenda na tepu ya mita hamsini, akapima barabara peke yake, akarudi maabara na kufunga mlango. Aliniuliza jambo moja, ulianzia wapi kuhesabu. Nilipomwambia alikaa kwenye stuli, akachukua karatasi, akakokotoa kwamba lori lilifika kivukoni likiwa bado na mita kumi na moja kwa sekunde, yaani kilomita arobaini kwa saa, na kwamba kwenye nguzo ya tano lingekuwa limesimama. Kisha akaniambia, "Sahihi kwenye karatasi ya kipimo ni yangu, aliyepaswa kuhakiki ni mimi. Wewe kaa kimya."

Nikakaa kimya. Alikwenda polisi asubuhi iliyofuata na tepu yake na karatasi zake, akasema alihesabu vibaya, dereva akaachiwa, yeye akavuliwa ukuu wa idara, na Januari 2004 akahamishiwa shule ya mbali. Siku anaondoka, mama wa binti alimsubiri getini, akamwambia mbele ya watu wote, "Umeniulia mwanangu na chaki yako." Chaki ilikuwa yangu. Nilikuwa nimesimama hatua mbili nyuma yake, nimeshika daftari la vifaa, na nilichofanya ni kuangalia chini. Kwa karibu miaka ishirini na moja nimekuwa nazunguka mtaa mzima nisipite mbele ya duka la sare, nikiitwa ofisini najua leo ndiyo leo, na kumbe kila mara ni habari ya funguo au gesi ya maabara.

Huko alikohamia alifundisha hadi alipostaafu tarehe 14 Machi 2021, akiwatoa wanafunzi nje na tepu, kila mmoja apime mwenyewe, asimwamini mwenzake hata akiwa ndugu yake. Walidhani ni utani.

Aprili 2022 aligundulika ana maradhi ya moyo, akatibiwa kwa vidonge, akapata nafuu, akazidiwa tena Julai mwaka huu wa 2024, na tarehe 30 Agosti akalazwa hospitali kuu, chumba namba sita. Nilimwambia siku iliyofuata kwamba nimechoka, kwamba nataka kwenda kwa yule mama, na kwamba naogopa. Akasema, "Unaogopa nini, na anayekufa ni mimi?" Tukacheka wote wawili, muuguzi akachungulia. Kisha akaninyima ruhusa, akanishika mkono hadi nikaahidi kwamba sitasema, na ahadi hiyo naivunja leo akiwa hawezi kunikatalia. Alifariki tarehe 2 Septemba 2024, saa kumi alasiri, wifi akiwa upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili.

Familia inawashukuru daktari wa moyo na wauguzi wa chumba namba sita, waliomjibu kila alipouliza mashine ile inapima nini na kwa vipimo gani, inawashukuru majirani mliopika, mliobeba viti na kulala hapa siku tatu, walimu wa shule zote mbili, na wanafunzi wake waliotoka mbali. Inamshukuru pia dereva wa lile lori, ambaye ndiye aliyeleta jeneza hapa asubuhi, polepole, bila kuombwa na mtu.

Wifi, samahani, nilikuacha ukila fedheha isiyo yenu. Na wewe mama wa duka la sare, nimekuona, umekaa safu ya tatu, na sijui umekuja kumzika au kuhakikisha kwamba amekufa, vyovyote vile una haki yako. Mtu uliyemchukia miaka yote hii hakuhesabu nguzo zile. Nilizihesabu mimi, niliulizwa kama ni mia kamili, nikasema kamili.

Kaka, pumzika kwa amani, hili halikuwa lako hata siku moja. Mimi sishuki hapa jukwaani. Mama wa binti akitaka kuja, aje.